Fosfeti 0.84: mtoto aliyetibiwa upungufu wa vitamini D ambao hakuwa nao

Kisa hiki kimeandikwa kwa madaktari, matabibu na wauguzi wanaowaona watoto kila siku, na kwa mzazi yeyote anayetaka kuelewa kwa nini mwanawe ameandikiwa kipimo fulani na si kingine. Majina, mahali na tarehe zimeondolewa, na mambo madogo ya familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Hoja yangu ni moja: kipimo kimoja cha fosfeti, madini ya damu yanayojenga mfupa, kilisomwa vibaya mara mbili, kwa namna mbili zinazopingana, na mara zote mbili mtoto ndiye aliyelipa.

Usuli

Mtoto N. ni msichana. Alizaliwa kwa wakati, akanyonya vizuri, akaketi na kutambaa bila shida. Alianza kutembea akiwa na miezi 15. Miezi michache baadaye mama yake akaona magoti yanaachana na mwendo unayumba. Akiwa na miezi 20 alipelekwa kwenye kliniki ya kwanza.

Daktari aliyempokea alianza vizuri. Aliagiza picha ya eksirei ya magoti na viganja, na picha ikaonyesha waziwazi matege, yaani mifupa inayokua bila madini ya kutosha ikalegea na kupinda: ncha za mifupa zimepanuka, zimebonyea ndani, na kingo zake zimefifia na kuchanikachanika. Alimpa vitamini D ya mdomo, yuniti 150,000 kwa mara moja, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kila siku. Hayo ni matibabu yanayolingana na makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu matege ya lishe kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja. Duniani kote sababu kuu ya matege ni upungufu wa vitamini D au kalsiamu. Kuanza na kilicho kikubwa ni busara, na sina la kulaumu hapo.

Mfululizo wa matukio

Baada ya miezi mitatu picha ilirudiwa. Katika matege ya lishe, wiki 12 za matibabu hutosha kuonyesha dalili za kupona: mstari mweupe wa madini mapya hujitokeza kwenye ncha ya mfupa. Kwa N. hakukuwa na mstari wowote. Miguu ilikuwa imepinda zaidi.

Hapa ndipo njia ilipotakiwa kugawanyika, lakini haikugawanyika. Kwenye faili kuliandikwa kwamba huenda mtoto alitapika dozi, au mama hakumpa kalsiamu ipasavyo. Dozi ya pili ikatolewa, safari hii kwa sindano. Damu ikachukuliwa siku hiyo hiyo, na majibu yakaja hivi: kalsiamu ya kawaida, alkalini fosfatasi, kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiwa na matege, 790 (juu sana), fosfeti milimoli 0.84 kwa lita. Pembeni ya fosfeti karatasi ilichapisha kiwango cha kawaida kuwa 0.80 hadi 1.50. Kwa kuwa 0.84 imo ndani ya mipaka hiyo, haikuwekewa alama yoyote, na hakuna aliyeizungumzia.

Miezi kadhaa baadaye vitamini D ya damu ilipimwa, ikawa nanomoli 96 kwa lita. Upungufu huhesabiwa chini ya 30. Hata hivyo dozi ya tatu ilitolewa, kwa maelezo ya “kujaza akiba”. N. alifika kwetu kwa rufaa akiwa na miaka 2 na miezi 10. Tangu picha ya kwanza ilikuwa imepita miezi 14.

Tulimkuta ana sentimita 83, yaani mikengeuko sanifu 2.6 chini ya wastani wa umri wake. Uzito ulikuwa kilo 11.6. Viganja vilikuwa vinene kwenye kifundo, na akisimama vifundo vya miguu vikiwa vimegusana, magoti yaliachana kwa sentimita 7. Juu ya jino moja la mbele fizi ilikuwa imevimba na kutoa usaha. Jino lenyewe lilikuwa zima, halina tundu, halina weusi. Mama alieleza kwamba ni mara ya pili, na kwamba mara ya kwanza aliambiwa apunguze vitu vitamu.

Ukoo

Swali la familia lilikuwa limeulizwa mwanzoni, na jibu lililoandikwa ni “hakuna ugonjwa wa kurithi”. Mama hakudanganya. Aliulizwa kuhusu ugonjwa, na kwao miguu hiyo haikuhesabiwa kuwa ugonjwa.

Tulipomwomba asimame na kutembea, naye alikuwa na matege na urefu wa sentimita 147. Tukamuuliza nani mwingine kwao ana miguu ya namna hiyo. Akacheka kidogo, akasema, “Daktari, kwetu wasichana wote tunachukua miguu ya babu. Wajomba zake huyu wamenyooka, warefu.”

Babu, yaani baba yake mama, alikuwa mfupi mwenye miguu iliyopinda tangu utotoni. Alizaa mabinti wanne na wana watatu. Mabinti wote wanne wana matege. Wana wote watatu hawana. Mama mwenyewe alikuwa na maumivu ya nyonga na visigino yaliyodumu miaka, na alikwisha kung'olewa meno sita kwa majipu. Alidhani ni uzazi.

Baba humpa kila binti kromosomu yake ya X, na kila mwana kromosomu yake ya Y. Ugonjwa unaokaa kwenye X, na ambao nakala moja mbovu inatosha kuuleta, ukishuka kutoka kwa baba utawapata mabinti wote na kumruka kila mwana. Familia hii ilikuwa imeiona kanuni hiyo kwa macho na kuitamka kwa sentensi moja, bila kitabu. Ugonjwa ukishuka kutoka kwa mama picha hubadilika: kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nusu ya uwezekano.

Niliyesikia sentensi ile mwanzo ni mimi, lakini haikuhitaji ubingwa. Ilihitaji swali jingine tu. Tangu siku hiyo siulizi “kuna ugonjwa wa kurithi?” Nauliza nani mfupi, nani ana miguu iliyopinda, nani amepasuliwa mifupa, nani ameng'olewa meno akiwa kijana.

Nambari iliyokuwa kwenye faili

Fosfeti ya damu hupungua kadiri mtu anavyokua. Mtoto mchanga anaweza kuwa na 2 au zaidi, mtoto wa miaka miwili hutarajiwa kuwa juu ya 1.2 hivi, na mtu mzima anaishi salama na 0.9. Kiwango cha 0.80 hadi 1.50 kilichochapishwa kilikuwa cha watu wazima. Kwa mtoto wa miezi 23, 0.84 ni fosfeti ya chini mno. Jibu lilikuwamo kwenye faili miezi 11 kabla hajafika kwetu.

Tulirudia vipimo asubuhi kabla hajala, kwa sababu chakula hupandisha fosfeti kwa muda, na tukachukua mkojo wakati huo huo. Fosfeti ya damu ilikuwa 0.82. Kalsiamu ilikuwa ya kawaida, kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo) 28, homoni ya parathiroidi, inayolinda kalsiamu ya damu, 6.4 (mwisho wa kiwango ni 6.9), vitamini D 91, alkalini fosfatasi 810.

Kisha swali lililoamua mengi: figo inafanya nini na fosfeti hiyo kidogo? Mwili wenye njaa ya fosfeti hauachii hata tone. Mkojo hukauka fosfeti kabisa. Mkojo wa N. ulikuwa na fosfeti 14 na kreatinini 2.6. Hesabu yake ni fupi: fosfeti ya mkojo huzidishwa kwa kreatinini ya damu, hugawanywa kwa kreatinini ya mkojo, na jibu hutolewa kwenye fosfeti ya damu. Kreatinini zote mbili ziwe kwenye kipimo kimoja. 28 za mikromoli ni 0.028 za milimoli. Kwa hiyo 14 mara 0.028, gawanya kwa 2.6, ni 0.15, na 0.82 kutoa 0.15 ni 0.67. Huo ndio uwezo wa figo zake wa kushikilia fosfeti. Kwa umri wake tungetarajia zaidi ya 1.15.

Onyo kwa wanaotumia asilimia: figo za N. zilirudisha asilimia 82 ya fosfeti iliyochujwa. Ukiiona peke yake utasema si haba. Lakini mtu mwenye 0.82 kwenye damu alitakiwa kurudisha karibu yote.

Matege ya lishe nayo hupitia fosfeti, jambo ambalo wengi hatukufundishwa vizuri. Kalsiamu ikipungua, homoni ya parathiroidi hupanda, na hiyo huifanya figo itupe fosfeti. Chembe za gegedu kwenye sehemu ya ukuaji huhitaji fosfeti ili zikomae, zife kwa utaratibu na kuupisha mfupa. Ikikosekana, hazifi, zinarundikana, na sehemu hiyo inapanuka na kulegea. Ndiyo maana picha ya eksirei ya N. ilifanana na ya mtoto mwenye upungufu wa vitamini D. Picha inakuambia kuna matege. Haikuambii yametoka wapi.

Kuchuja sababu

Orodha ya matege ya kurithi ni ndefu, ila vipimo vichache huifupisha haraka. Homoni ya parathiroidi ilikuwa ya kawaida na kalsiamu pia, hivyo tuliweka kando magonjwa ambayo vitamini D haitengenezwi vizuri mwilini (jeni ya CYP27B1, kwa mfano) au haipokelewi na chembe (jeni ya VDR, ambapo baadhi ya watoto hukosa nywele kabisa). Hayo huanza na kalsiamu ya chini na parathiroidi iliyopaa. Mkojo haukuwa na sukari wala amino asidi, kwa hiyo figo haikuwa ikivuja kila kitu kama katika sistinosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu figo. Alkalini fosfatasi ilikuwa juu. Ingekuwa chini, tungefikiria jeni ya ALPL, ugonjwa unaofanana na matege kwenye picha lakini wenye tiba tofauti kabisa.

Kimebaki kipimo kimoja ambacho nisingekiruka hata kwa haraka gani: kalsiamu ya mkojo. Kuna aina ya matege ya kurithi, ya jeni ya SLC34A3, ambapo tatizo liko kwenye mlango wenyewe wa fosfeti ndani ya figo. Mwili wa mtoto huyo hutengeneza vitamini D hai (ile iliyokwisha badilishwa na figo ili ifanye kazi) kwa wingi na kalsiamu hufurika kwenye mkojo. Dawa yake ni fosfeti peke yake. Ukimwongezea kalsitrioli, yaani hiyo vitamini D hai kama dawa, unamwekea mawe kwenye figo. Kwa N. kalsiamu ya mkojo ilikuwa chini. Njia ikawa wazi.

Kilichobaki ni kundi la magonjwa yanayosababishwa na wingi wa homoni iitwayo FGF23, inayotoka kwenye chembe za mfupa wenyewe. FGF23 hufanya mambo mawili kwa pamoja: huifanya figo itupe fosfeti, na huizuia isitengeneze vitamini D hai. La pili ndilo linaloeleza kwa nini yuniti laki kadhaa za vitamini D ya kawaida hazikumsaidia N.: malighafi ilikuwa tele, kiwanda kimefungwa. Fuller Albright na wenzake walieleza mwaka 1937 matege yasiyosikia vitamini D; kwa miongo kadhaa yaliitwa hivyo, na tiba ikawa kuongeza dozi. Jeni ya PHEX, iliyoko kwenye kromosomu X, ilipatikana mwaka 1995. FGF23 ikafuata mwaka 2000.

Ndani ya kundi hilo, aina ya PHEX ndiyo inayoongoza, takriban mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 25,000. Nyingine ni za jeni ya FGF23 yenyewe, DMP1 na ENPP1, nazo hazifuati mtindo wa babu kwenda kwa mabinti wote. Tulituma damu kwa uchunguzi wa jeni, lakini hatukusubiri. Kwa ukoo ule na mkojo ule, majibu yasingebadilisha dawa ya kuanzia. Yalipofika yalithibitisha PHEX, badiliko linalokatisha protini kabla haijakamilika.

Nisieleweke vibaya kuhusu ukoo. Asilimia 20 hadi 30 ya wagonjwa hawana mzazi mwenye ugonjwa. Badiliko limeanzia kwao. Familia iliyonyooka haifuti uwezekano huo.

Uamuzi wa matibabu ya kwanza

Burosumabu, kingamwili inayoifunga FGF23, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018. Tungependa kuanza nayo, lakini kupata kibali na malipo yake kungechukua muda, na miguu haikuwa na muda huo. Tulianza tiba ya kawaida: fosfeti ya mdomo na kalsitrioli.

Fosfeti tuliipanga kufikia miligramu 40 kwa kilo kwa siku, karibu miligramu 460, kwa dozi tano. Wingi wa dozi si ukorofi wa daktari. Kumpa fosfeti mtoto huyu ni kujaza mtungi unaovuja. Baada ya saa chache damu imerudi ilipokuwa, kwa hiyo dozi mbili kubwa hazifanyi kazi ya tano ndogo. Tulianza na robo ya kiwango na kupanda taratibu, kwani fosfeti huharisha. Kalsitrioli ilikuwa mikrogramu 0.25 kwa siku, kuziba pengo la kile kiwanda kilichofungwa na kuizuia parathiroidi isipande kwa sababu ya fosfeti. Vitamini D ya kawaida na kalsiamu ya ziada vilisimamishwa.

Tulimwandikia mama na kliniki ya karibu nao lengo la tiba. Au tulidhani tumeandika. Barua ilisema “fuatilia alkalini fosfatasi, parathiroidi, ukuaji na mkojo”. Haikusema neno kuhusu nini kisifuatiliwe.

Kosa la pili la kusoma

Miezi mitano baadaye N. alirudi analalamika tumbo na anaharisha kila siku. Parathiroidi ilikuwa 14, mara mbili ya kikomo. Dozi ya fosfeti ilikuwa imefika miligramu 75 kwa kilo.

Kliniki ya karibu ilikuwa imejifunza somo la kwanza. Sasa ilisoma fosfeti kwa viwango vya watoto, ikaona 0.9, ikaona mshale wa kushuka, ikaongeza dozi. Mwezi uliofuata 0.9 tena, ikaongeza tena. Kila hatua ilikuwa na mantiki kwenye karatasi. Lakini katika tiba ya fosfeti ya mdomo, fosfeti ya damu hairudi kuwa ya kawaida, na haitakiwi ilazimishwe. Kila dozi kubwa hupandisha fosfeti ghafla na kuishusha kalsiamu kidogo, tezi za parathiroidi zinaamka, na parathiroidi ikiamka figo hutupa fosfeti zaidi. FGF23 nayo huchochewa. Unaongeza dawa na kuukuza ugonjwa. Ikiendelea kwa miaka, tezi zinaweza kujiendesha zenyewe hadi zihitaji kupasuliwa.

Tulishusha fosfeti hadi miligramu 35 kwa kilo na kupandisha kalsitrioli kidogo. Tumbo lilitulia ndani ya wiki moja. Parathiroidi ilirudi 7.2 baada ya miezi minne.

Miezi 20 ya tiba ya kawaida

Mama alikuwa mwaminifu kwa dawa kuliko wengi ninaowaona. Dozi ya usiku ndiyo ilimshinda: kumwamsha mtoto aliyelala anywe kitu chenye chumvi, kila usiku, ni jambo linaloandikwa kwa sekunde mbili na kubebwa kwa miaka. Tuliihamishia muda wa kulala, tukakubali hasara ndogo.

Baada ya miezi 20 alkalini fosfatasi ilishuka hadi 430. Alama za ukali wa matege kwenye picha, zinazohesabiwa kutoka 0 hadi 10, zilitoka 6.5 hadi 3.5. Maumivu ya miguu yalipungua. Lakini magoti bado yaliachana kwa sentimita 6, urefu haukusogea kwenye chati, na altrasaundi ya figo ikaonyesha chembechembe za kalsiamu zimeanza kukaa. Kidogo, daraja la kwanza. Kwa mtoto ambaye angebaki na dawa hizi hadi mifupa ifunge, si jambo la kupuuza.

Daktari wa mifupa alishauri mapema zaidi kwamba mifupa ikatwe na kunyooshwa. Tulimwomba asubiri, naye akakubali. Mfupa uliokosa madini huunga polepole, na ukinyooshwa kabla damu haijatulia hupinda tena. Tulikubaliana kwamba ikibidi, tuanze na vibao vidogo vinavyozuia ukuaji upande mmoja wa goti ili upande wa pili ufidie. Hiyo hufaa mtoto akiwa bado ana miaka ya kukua, kwa hiyo kusubiri hakukumfungia mlango.

Kubadili dawa

N. alianza burosumabu akiwa na miaka 4 na miezi 6. Sababu tulizoandika kwenye maombi zilikuwa tatu: matege yanayoonekana bado kwenye picha licha ya tiba kufuatwa, ukuaji uliosimama, na figo zilizoanza kuathirika. Tuliongeza matokeo ya utafiti wa mwaka 2019 wa watoto 61 wenye umri wa mwaka 1 hadi 12, uliolinganisha dawa hizi mbili moja kwa moja: kwenye kipimo cha mabadiliko ya picha, baada ya wiki 40, waliopewa burosumabu walipata wastani wa 1.9 na waliobaki na fosfeti na kalsitrioli 0.8.

Fosfeti na kalsitrioli vilisimamishwa wiki moja kabla. Hili si la hiari. Ukizichanganya na burosumabu, fosfeti inaweza kupaa na madini kukaa kwenye figo na mishipa. Dozi ilikuwa miligramu 0.8 kwa kilo chini ya ngozi kila wiki mbili, ikakadiriwa kuwa miligramu 10.

Hapa maana ya fosfeti iligeuka kwa mara ya tatu, na safari hii barua yetu kwa kliniki ya karibu ilikuwa kurasa mbili. Kwa burosumabu, fosfeti ya damu ndiyo inayopanga dozi: ipimwe kabla ya kula, ifikie sehemu ya chini ya kiwango cha umri wake, isivuke juu. Baada ya wiki nne ilikuwa 1.21. Hatukuongeza dozi.

Mwaka mmoja baadaye alama za picha zilikuwa 1. Alkalini fosfatasi 300. Magoti yaliachana kwa sentimita 3.5, bila upasuaji. Urefu ulikuwa mikengeuko 2.1 chini ya wastani: bado mfupi, na huenda atabaki mfupi kuliko wenzake. Chembechembe za figo hazikuongezeka. Jipu la jino lilirudi mara moja. Dentini ya watoto hawa, yaani tabaka lililo chini ya enameli ya jino, ni dhaifu, na vijidudu hupenya hadi kwenye kiini cha jino bila kuacha tundu linaloonekana. Sasa daktari wa meno anamwona kila miezi sita na anaziba nyufa za magego mapema.

Mdogo wake

Miezi miwili kabla ya N. kubadilishiwa dawa, mama alijifungua mtoto wa kiume. Tulikuwa tumeelewana naye mapema kwamba mtoto apimwe.

Fosfeti ya wiki ya pili ilikuwa 1.9, ya kawaida hata kwa mtoto mchanga. Familia ilifurahi. Ilibidi tuseme jambo lisilopendeza: katika wiki za mwanzo figo changa huchuja kidogo, na fosfeti ya mtoto mwenye ugonjwa huu inaweza kubaki ya kawaida kwa miezi mitatu au minne. Kwa kuwa badiliko la PHEX la familia lilijulikana, tulipima hilo peke yake. Majibu ya wiki ya tano yalionyesha kwamba analo. Kufikia wiki ya nane alkalini fosfatasi ilikuwa imepanda na fosfeti imeshuka hadi 1.35. Alianza fosfeti na kalsitrioli siku hiyo, kabla mfupa haujapinda.

Ana miezi 14 sasa. Ametembea kwa miguu iliyonyooka, na picha yake ina mabadiliko madogo tu kwenye kiganja.

Uchambuzi

Kosa la miezi 14 ya mwanzo halikuwa dozi ya kwanza ya vitamini D. Lilikuwa ya pili. Picha isiyoonyesha kupona baada ya wiki 12 ni matokeo ya kipimo, na yanahitaji swali jipya. Badala yake mama ndiye aliyeshukiwa. Ninaona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nalitaja bila kusita: dawa ikishindwa, mzazi huulizwa kwanza kama alimpa, na ugonjwa huulizwa mwisho.

Maabara iliyochapisha kiwango cha watu wazima ilichangia. Lakini alkalini fosfatasi ya 790 pembeni ya kalsiamu ya kawaida ilitosha kumfanya msomaji asimame aitazame fosfeti kwa macho yake. Kama kliniki yako haina hakika na viwango vya maabara, viwango vya umri vibandikwe ukutani. Ni karatasi moja.

Mkojo uliochukuliwa sambamba na damu ndio uliokuwa na thamani kubwa kuliko kipimo chochote, na ulikuwa wa gharama ndogo kuliko vyote. Uchunguzi wa jeni haukubadilisha tiba ya N. Ulimnufaisha mdogo wake. Napenda hili lijulikane na wanaoamua kama kipimo hicho kilipiwe: faida yake mara nyingi haionekani kwa mtoto aliyetolewa damu.

Kuhusu parathiroidi iliyopaa, siilaumu kliniki ya karibu. Barua iliyosema nini kifuatiliwe bila kusema nambari ipi isikimbizwe iliacha pengo, na mtu makini ndiye aliyeingia humo. Barua za huduma ya pamoja ziwe na mstari unaoanza na “usiongeze dozi kwa sababu ya…”.

Burosumabu ilifanya kazi vizuri zaidi, lakini tiba ya kawaida haikuwa bure: ilishusha alama za picha karibu nusu na kupunguza maumivu. Mahali isipopatikana burosumabu, fosfeti na kalsitrioli zilizogawanywa vizuri, zikianza mapema na kusimamiwa kwa parathiroidi na altrasaundi, bado zinamnyoosha mtoto. Umri wa kuanza una uzito mkubwa, na mdogo wake N. ni mfano ulio karibu.

Mama ndiye tuliyechelewa naye. Maumivu yake ya nyonga yalisikika siku ya kwanza na kupigwa picha baada ya mwaka: kulikuwa na ufa kwenye mfupa wa paja, wa aina inayotokana na mfupa kukosa madini. Tayari alikuwa mjamzito kliniki ya watu wazima ilipompokea, na chaguo za dawa zikawa zimepungua. Mzazi mwenye maumivu aliyekaa kwenye kiti cha kliniki ya watoto ni mgonjwa wa pili, na anahitaji rufaa yake mwenyewe siku hiyo hiyo.

Kati ya dada zake watatu, wawili wameleta watoto wao; watatu kati ya watano wana badiliko hilo, na mmoja alikuwa katikati ya dozi ya nne ya vitamini D. Dada wa tatu anaishi mbali. Tumempa mama barua ampelekee, yenye jina la jeni, badiliko lenyewe, vipimo vinne vya kuanzia, na viwango vya fosfeti kwa kila umri.